Punda Afe, Mzigo Ufike?

Yako maneno ambayo watu huyasema bila kuyapima, kwa sababu waliyasikia kwa wazee wao, nao wazee waliyasikia kwa wazee wao. Mojawapo ni mithali hii: Punda afe, mzigo ufike. Aghalabu asemaye hivi hana nia ya kumwua punda wake. Ataka kusema tu ya kuwa kazi iliyoanzwa sharti imalizwe. Walakini kila mithali husimama juu ya jambo ambalo wasikiaji wamekwisha kulikubali, na jambo lililokubaliwa hapa ni kwamba mzigo una thamani na punda hana. Leo twataka kuuliza kama jambo hilo ni la haki. Je, mwanadamu ana deni lo lote kwa mnyama amtumikiaye? Au deni ni neno la mtu na mtu tu, na mnyama ni chombo kama jembe na kinu?

Swali hili huleta mabishano barazani, na wenye kubishana huwa pande mbili. Upande mmoja husema: "Kuwahurumia wanyama ni anasa ya watu walioshiba. Ni jambo jipya, lililoletwa na vitabu na wageni. Watu wa kale waliwatumia wanyama na kuwala, basi." Upande wa pili hujibu kwa Maandiko, ukikumbusha habari za punda wa Balaamu, aliyepigwa mara tatu bila kosa, hata akapewa kinywa cha kumwuliza bwana wake sababu. Jibu hili ni zito kwetu sisi tuaminio. Lakini tuyaangalie vema maneno ya upande wa kwanza. Hao hawasemi tu lipi ni jema na lipi ni baya; wanadai kwamba wanajua mambo yalivyotendeka zamani. Na dai la namna hiyo halipimwi kwa kupaza sauti, bali kwa mashahidi. Mashahidi wako, ijapokuwa wamelala ardhini maelfu ya miaka. Ni mifupa ya wanyama wenyewe.

Watu wengi hudhani ya kuwa wachimbuaji wa mambo ya kale hutafuta dhahabu na taji za wafalme. Kwa kweli vitu wavipatavyo zaidi ni takataka: vigae, majivu na mifupa. Elimu yao, iitwayo akiolojia, imejifunza kuihoji mifupa hiyo kama hakimu amhojivyo shahidi. Mfupa si jiwe. Mnyama akiwa hai mfupa wake hukua, huchakaa, huvunjika na kuunga, na kila jambo huacha alama yake. Mnyama achukuaye mizigo mizito siku zote, pingili za uti wa mgongo wake huharibika. Mfupa uliovunjika ukaunga huonyesha kwamba mnyama aliishi siku nyingi baada ya kuumia. Meno nayo ni kama daftari: wakati jino linapoumbwa ndani ya ufizi, ugonjwa mkali huweza kuizuia kazi hiyo kwa muda, na alama ya siku zile mbaya hubaki juu ya jino, wala mwili hauwezi kuifuta tena. Mnyama akiwa hai hawezi kushitaki. Akiisha kufa, mifupa yake haiwezi kuhongwa.

Basi na tumwite shahidi wa kwanza. Mwaka 1914 wafanya kazi waliokuwa wakichimba mawe mahali paitwapo Oberkassel, karibu na mji wa Bonn katika Ujerumani, walifukua kaburi la kale sana. Ndani yake walikuwamo mwanamume na mwanamke, wamefunikwa kwa mawe makubwa, na unga mwekundu umenyunyizwa juu yao. Na pamoja nao ilikuwamo mifupa ya mbwa mdogo. Kaburi hilo lina umri wa miaka ipatayo 14,000. Zamani hizo hapakuwa na shamba wala zizi katika Ulaya. Watu waliishi kwa kuwinda na kuokota matunda ya porini, na baridi ilikuwa kali. Mbwa yule ni mmoja wa mbwa wa kale kabisa wanaojulikana kwamba waliishi na watu, wala hawakuwa mbwa-mwitu.

Mwaka 2018 mganga wa wanyama aitwaye Luc Janssens, pamoja na wenzake, walitoa habari za uchunguzi wao juu ya meno ya mbwa huyo. Waliona ya kuwa alishikwa na distempa, ugonjwa unaoua mbwa wengi hata leo, alipokuwa na umri wa majuma kama 19. Akafa alipokuwa na majuma kama 28. Katika muda huo ugonjwa ulimzidi zaidi ya mara moja. Mbwa aliyeshikwa na ugonjwa huu hupata homa, huhara, hutapika, na pengine hutetemeka mwili mzima. Hawezi kuwinda wala kulinda. Angeachwa peke yake angalikufa upesi. Lakini hakufa upesi, na kwa hiyo wataalamu wale waliona hapana njia nyingine ya kuieleza habari hii ila moja: mtu alimpa maji, mtu alimtia joto, mtu aliufuta uchafu wake, tena kwa majuma mengi.

Mwenye kubisha atasema, "Labda walitumaini kwamba akipona atakuwa mwindaji hodari." Yawezekana, sisi hatukuwamo mioyoni mwao. Hata hivyo faida hiyo ilikuwa mbali nayo haikuwa na hakika, bali taabu ilikuwa karibu nayo ilikuwa ya kila siku. Na alipokufa kabla ya kuwalipa cho chote hawakumtupa porini; alilazwa katika kaburi la watu. Wala hayuko peke yake. Katika Ain Mallaha, kaskazini ya nchi ya Israeli, lilionekana kaburi la mtu aliyezikwa miaka kama 12,000 iliyopita, na mkono wake umewekwa juu ya mtoto wa mbwa au wa mbwa-mwitu.

Kwa hiyo dai la upande wa kwanza limekwisha kuvunjika. Huruma kwa mnyama si anasa ya walioshiba, kwa maana watu wale hawakuwa na ghala. Wala haikuletwa na vitabu, kwa maana ilikuwako kabla kitabu cha kwanza hakijaandikwa, na kabla ng'ombe wa kwanza hajafungwa kamba. Walakini tusishangilie mapema, na kudhani ya kuwa watu wa kale walikuwa malaika na sisi ndio tulioharibika. Shahidi wa pili anangoja, naye ni punda.

Punda ni mtoto wa Afrika. Mwaka 2022 wataalamu waliolinganisha nasaba za punda wa nchi nyingi, walio hai na waliokufa zamani, walionyesha kwamba punda wote wafugwao duniani wana asili moja, na ya kuwa walifugwa kwanza katika Afrika miaka ipatayo 7,000 iliyopita. Pasipo punda mizigo ilichukuliwa vichwani na migongoni mwa watu, nasi twajua ni watu gani hupewa mzigo kwanza: ni kina mama, na wale wasio na nguvu ya kukataa. Kwa hiyo punda alipoinama apakiwe, mgongo wa mtu ulinyoka. Misafara ikaweza kuvuka jangwa, na biashara ikaunganisha nchi zilizokuwa mbalimbali.

Katika Abydos, Misri ya Juu, karibu na jengo la maziko la mmoja wa wafalme wa kwanza wa nchi ile, wachimbuaji walikuta makaburi matatu yaliyojengwa kwa matofali. Yalikuwa mahali pa heshima, ambapo mtu angetazamia kuwakuta wakuu wa baraza la mfalme. Walipoyafungua hawakukuta wakuu. Walikuta punda kumi, waliozikwa huko miaka ipatayo 5,000 iliyopita. Mfalme yule alitaka kwenda katika maisha ya baadaye na punda zake. Heshima gani iliyo kubwa kuliko hiyo?

Lakini mwaka 2008 wataalamu Stine Rossel na Fiona Marshall, pamoja na wenzao, walitoa habari za mifupa yenyewe. Pingili za migongo ya punda wale zilikuwa na alama za kuumia, kama zionekanavyo kwa wanyama waliolemewa na mizigo mizito. Haya, msomaji, yafikiri mambo haya mawili pamoja. Kaburi lasema, "Punda huyu alikuwa mtu mkubwa." Mgongo wasema, "Nilichukua kupita kiasi." Yote mawili ni kweli. Mfalme aliwaheshimu punda zake, na mfalme huyo huyo, au watumishi wake, waliwalemea. Watu wetu husema ya kuwa shukrani ya punda ni mateke. Ukitazama migongo ile ya Abydos utauliza kama mithali hii haifai kugeuzwa: ni nani aliyetendewa wema, na ni nani aliyelipa mateke?

Shahidi wa tatu anatoka Misri vilevile, lakini katika siku za baadaye, miaka mia chache ya mwisho kabla ya kuzaliwa Kristo. Huko Saqqara, karibu na mji wa Kairo, chini ya mchanga zimo njia ndefu za pango zilizochongwa kwa ajili ya mungu wa Wamisri aitwaye Anubis, ambaye walimchora na kichwa cha mbweha. Mtu mwenye shida alikwenda huko, akanunua maiti ya mbwa iliyotiwa dawa isioze na kufungwa vitambaa, ikawekwa pangoni kuwa sadaka yake. Mwaka 2015 mtaalamu Paul Nicholson wa chuo kikuu cha Cardiff, pamoja na wenzake, walitoa hesabu yao: katika njia zile waliwekwa wanyama wapatao milioni 8, walio wengi mbwa. Na wengi wa mbwa hao walikuwa watoto wa siku chache, hata wa saa chache tu. Yaonekana walizalishwa kwa ajili ya kazi hiyo, wakatengwa na mama zao wangali wachanga, wakafa.

Paka nao hawakupona. Wamisri walimheshimu paka, lakini picha za miali zilizopigwa juu ya maiti za paka waliotolewa sadaka zimeonyesha wengine wamevunjwa shingo wakiwa wadogo. Tena penye biashara hapakosi hila: mwaka 2015 watu wa Manchester waliochunguza hivyo mamia ya maiti za wanyama walisema kwamba theluthi moja hivi hazikuwa na mabaki ya mnyama hata kidogo ndani ya vitambaa. Na mwisho wa heshima yote ile ulikuwa nini? Mwaka 1890 maiti za paka zipatazo 180,000, uzito wake tani 19, zilipakiwa melini kutoka Misri zikapelekwa Liverpool katika Uingereza, zikauzwa kwa mnada ziwe mbolea ya mashamba.

Mashahidi hawa wa Misri watufundisha kupambanua mambo mawili ambayo mara nyingi tunayachanganya, yaani heshima na huruma. Heshima humtazama yeye aitoaye. Humpendeza, humpa jina, humtuliza moyo. Huruma humtazama yeye aipokeaye, nayo huuliza swali moja tu: huyu anaumwa wapi? Mfalme wa Abydos alitoa heshima. Msafiri wa Saqqara alitoa heshima, tena kwa fedha yake. Lakini katika watu hao wote tuliowataja, aliyetoa huruma ni yule asiyejulikana jina lake, aliyekaa karibu na moto kule Oberkassel akimnywesha mbwa mgonjwa. Na tusidhani ya kuwa tofauti hii ni ya watu wa kale tu. Yuko mtu amsifuye dume lake mbele ya wageni, akalipa jina na kulitungia wimbo, lakini hatazami kama nira imelichubua shingo. Mnyama hafahamu sifa, afahamu kidonda.

Sasa tuje katika nchi zetu wenyewe, tuone kama neno "deni" lina msingi, au ni maneno matamu tu. Katika sehemu za Narok, kusini-magharibi mwa Kenya, yako maeneo ya nyasi nzuri katikati ya nyika, kila moja kama uwanja wa duara, yenye miti michache. Mwaka 2018 Fiona Marshall, yule yule aliyeichunguza mifupa ya Abydos, na wenzake walitoa habari za udongo wa maeneo kama hayo. Walikuta ya kuwa yalikuwa maboma ya wafugaji wa kale, ambao mifugo yao ililala hapo miaka kama 1,500 hata 3,700 iliyopita. Samadi ya ng'ombe, kondoo na mbuzi iliutajirisha udongo, na utajiri huo haujakwisha mpaka leo. Nyasi humea vizuri, na wanyama wa porini huja kulisha. Wafugaji wamesahauliwa hata majina yao, lakini zawadi ya mifugo yao ingali ikichipuka kila mvua zinyeshapo.

Tena mwaka 2020 wataalamu waliochunguza vigae vya vyungu vya wafugaji wa kale katika Kenya na Tanzania walikuta mafuta ya nyama na ya maziwa yamenyonywa ndani ya udongo wake uliochomwa. Na maziwa hayo hayakulisha miili tu, yaliigeuza. Watu wazima wengi duniani wakinywa maziwa mabichi huumwa tumbo, kwa maana uwezo wa kuyasaga huwatoka baada ya utoto. Lakini mwaka 2007 Sarah Tishkoff na wenzake walionyesha kwamba wako watu wengi wa Tanzania, Kenya na Sudani ambao uwezo huo hudumu ndani yao hata uzee, wakiurithi kwa baba na mama. Na ya kuwa urithi huo ulienea katika maelfu machache ya miaka yaliyopita, ufugaji ulipokuwa ukienea. Maana yake ni kwamba, penye njaa, mtoto aliyeweza kuishi kwa maziwa alikua akazaa, na asiyeweza alishindwa. Wako basi kati yetu wasomaji wa maneno haya ambao wasingalizaliwa kama si ng'ombe fulani aliyekamuliwa zamani za kale.

Hapo mwenzetu aweza kusimama na kusema: "Faida si deni. Jembe nalo limenilisha tangu ujana wangu, wala sina deni kwa jembe." Neno hili ni la akili, nalo lataka jibu. Ni kweli, kufaidiwa peke yake hakuleti deni. Lakini jembe halichoki. Ukiliacha mvuani litapata kutu, walakini haliumwi, wala halikutazami ukipita. Deni huzaliwa mahali ambapo faida yangu imetoka katika maumivu ya mwingine awezaye kuumwa. Jembe limenipa mahindi, na mahindi hayo hayakulipotezea jembe cho chote ambacho jembe lilikipenda. Punda amenipa mahindi sokoni, na gharama yake iliandikwa katika pingili za mgongo wake. Yeye alilipa. Na palipo na mtu aliyenufaika na mwingine aliyelipa, hapo pana deni, hata kama aliyelipa hawezi kudai.

Wako na wengine watakaouliza kwa uchungu zaidi: "Ninyi walimu mna mshahara. Mimi nina watoto sita na shamba lililokauka. Je, nimlishe punda mzee asiyeweza kubeba, watoto wakilala njaa?" Swali hili hatuna ruhusa kulidharau. Tutazame kwanza jambo moja lililoonekana katika Berenike, bandari ya kale ya Misri ukingoni mwa Bahari ya Shamu, palipopitia biashara ya Bara Hindi. Huko, nje ya mji, Marta Osypińska na wenzake walikuta makaburi ya wanyama wa nyumbani ya karne ya kwanza na ya pili baada ya Kristo. Mwaka 2021 walitoa habari za wanyama 585: karibu wote ni paka, kisha mbwa wachache na nyani wachache. Wengine walikuwa na ukosi shingoni, wengine wamefunikwa kwa kitambaa au kwa kigae. Na baadhi yao walikuwa wazee, wamepoteza meno, wala wasingeweza kujitafutia chakula. Walilishwa na watu, katika mji wa jangwani ambamo chakula kililetwa kwa safari ndefu kutoka bonde la Nili.

Walakini tuseme kweli: wenyeji wa bandari walikuwa wafanya biashara, na paka hali sana. Hatutamtwika maskini wa leo mzigo wa tajiri wa Berenike. Mtoto wa mtu ana haki kabla ya punda, na yeye anayewaacha watoto wake na njaa ili mnyama ashibe amekosa vilevile. Kumchinja ng'ombe kwa chakula si dhuluma. Watu wa kale wote tuliowataja walikula nyama, nasi twala. Kwa hiyo hatusemi kwamba mnyama asitumiwe, wala kwamba asife. Twasema ya kuwa kumtumia ni jambo moja, na kummaliza ni jambo jingine.

Basi deni lenyewe ni nini, kwa kadiri ya maskini? Ni maji kabla ya safari na baada yake. Ni mzigo wenye kiasi, uliogawanywa sawasawa pande mbili. Ni tandiko lisilo na fundo linalochubua. Ni siku za kupumzika kidonda kinapofunguka, badala ya kukifunika kwa gunia na kuendelea. Ni kutomwachia mtoto fimbo ya kumchezea mnyama aliyefungwa. Na nguvu zikiisha kabisa, wala chakula hakipo, ni mauti ya upesi mkononi mwa mtu ajuaye kazi yake, si kufukuzwa njiani ili fisi wamalize hesabu yetu. Katika mambo hayo yote hapana hata moja linalodai fedha nyingi. Yanadai macho tu, na nia ya kutazama.

Na kama mtu adhani ya kuwa jambo hili limekwisha kuwa la kale, akumbuke miaka hii yetu. Ngozi za punda zimetafutwa sana ili zichemshwe na kutolewa utomvu wa kutengenezea dawa ya Kichina iitwayo ejiao. Katika Kenya machinjio ya punda yalianza kazi mwaka 2016, na wizi wa punda ukaongezeka vijijini, hata mwaka 2020 serikali ikatoa amri ya kuyafunga. Jamaa aliyelala na punda akaamka hana, mizigo yake ilirudi wapi? Ilirudi kule ilikokuwa miaka 7,000 iliyopita: vichwani mwa kina mama. Mwezi wa Februari 2024 wakuu wa Umoja wa Afrika, walipokutana Addis Ababa, walikubaliana kwamba punda wasichinjwe tena kwa ajili ya ngozi katika bara zima. Amri ni njema. Lakini Saqqara imetufundisha ya kuwa mnyama akiisha kuwa bidhaa tu, mwenye fedha hatamwona tena, ataona hesabu. Na amri ya Addis Ababa haiwezi kulala zizini kwa kila mtu. Ulinzi wa kwanza wa punda ni jicho la mwenyewe.

Turudi basi kwa mithali yetu. Punda akifa njiani, mzigo haufiki. Hukaa kando ya njia mpaka apatikane mtu wa kuubeba. Kila mchukuzi alijua hivyo, na labda mithali ilianza kama mzaha wa watu waliochoka. Kosa letu ni kuufanya mzaha ule kuwa sheria. Siku ya soko ijayo, kabla ya kufunga shogi, ondoa tandiko, upitishe kiganja chako juu ya mgongo wa punda wako kutoka mabegani hata kiunoni. Akishituka mahali fulani, hapo ndipo deni lako lilipo. Anza kulilipa hapo.